Uso Usio na Mwenyewe

Kwa Jumapili tatu mfululizo Gatera alimkalisha Claudette kwenye kiti kilekile, kushoto mwa dirisha, na kwa Jumapili tatu Claudette alikaa bila kuuliza. Jumapili ya nne jua lilikuwa linampiga machoni, akakisogeza kidogo. Gatera aliinuka, akamwomba asimame, akakirudisha kiti mahali pake mpaka miguu yake minne ikatulia juu ya alama iliyokuwa imekwishajichora kwenye saruji.

"Hapo ndiyo vizuri," alisema kwa upole. "Hapo nakuona."

Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliomteka Claudette. Fundi umeme, mrefu, vidole vimeunguaungua kwa nyaya, amekulia Mbarara huko Uganda na kuingia Kigali mwezi wa saba, vita vilipokwisha. Claudette alikuwa amekulia Bujumbura, akaja mwezi wa tisa na Matante Nahimana, dada mdogo wa marehemu mama yake. Kule Gitega, mtaa wa hapo hapo Kigali, walikuwa na meza yao ya vifungo, zipu na nyuzi. Gatera hakujua Kifaransa, Claudette hakujua Kiingereza, na kila mmoja aliona aibu na lafudhi ya Kinyarwanda chake. Basi wakachumbiana kwa Kiswahili, yeye kile cha Uganda, binti kile cha Burundi, wakakutana katikati.

Siku ya kwanza Gatera alikuja mezani kununua uzi mweusi. Akamwona Claudette, akasahau alichokuja kununua. Akasimama tu na hela mkononi, akimtazama, mpaka Matante akamuuliza kama anaumwa.

Hakuna aliyewahi kumtazama Claudette hivyo. Tangu kuzaliwa uso wake haukulingana. Nyusi ya kushoto ilikaa chini kuliko ya kulia, jicho la upande huo lilikuwa dogo, na pembe ya mdomo ilishuka kidogo, kama uso uliosinzia nusu. Shuleni walimwita Nusunusu. Alikuwa amefikisha miaka ishirini na minane, na amezoea watu kumtazama mara moja, kisha kutazama kando.

Gatera hakutazama kando. Ila Claudette alianza kugundua jambo. Walipotembea, siku zote Gatera alikuwa kuliani kwake. Alidhani ni adabu ya wanaume wa Uganda, kumkinga mwanamke na magari. Lakini hata walipobadili njia na magari yakawa upande wa pili, Gatera alimzunguka kwa nyuma, akarudi kulia.

Alimweleza Matante. Matante akacheka, sindano mdomoni.

"Mwanamume ana kazi, ana nyumba Nyakabanda, anakuja kwa adabu, na bado unamhesabia hatua. Uso kama wako, mwanangu, hauna nafasi ya kuchaguachagua. Akisema kesho, wewe sema ndiyo leo."

Basi Jumapili ile ya nne Claudette alikwenda mtaa wa Nyakabanda akiwa na ndiyo yake tayari. Njia nzima hakukutana na watu zaidi ya watano. Nyumba nyingine zilikuwa na mapazia mapya ya waliokuja, nyingine milango iko wazi na ndani nyasi zimeota kwenye ufa wa sakafu. Mbwa mmoja aliyenenepa alikuwa amelala katikati ya barabara, akamtazama bila kuinuka.

Ndani kwa Gatera, ukutani mbele ya kile kiti, siku zote palikuwa na msumari mtupu na mraba wa rangi iliyopauka. Siku hiyo msumari haukuwa mtupu.

"Iko kitu nataka uone," Gatera alisema. "Nilikuwa naogopa kukuonyesha."

Ilikuwa picha kubwa ya bibi harusi, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu ya mbao. Claudette aliinuka taratibu. Uso ule ulikuwa wake. Paji lake, shavu lake, ile nyusi yake ya kulia iliyopinda juu kama inayouliza. Lakini macho yote mawili yalikuwa makubwa, na nyusi zote mbili zimepanda. Alikuwa anajitazama mwenyewe kama angalizaliwa sawasawa.

"Ni nani huyu?"

"Mwenye nyumba. Majirani wanasema alikufa mwezi wa nne, yeye na mume wake. Hata jina sijui." Gatera alikuwa amesimama nyuma yake, karibu, anaongea polepole. "Nilikuta nyumba tupu, Claudette. Hata kijiko hakuna. Iko picha tu. Mdogo wangu nilimzika njiani tunakuja. Mwezi wa nane wote sikuwa na mtu. Nikitoka kazini nakaa hapa naongea na huyu."

"Anakujibu?"

"Hapana. Ila siku ile Gitega, pale mezani kwako, nikajua amenijibu."

Claudette aliikaribia picha. Uzuri ule ulimvuta, na kadiri ulivyomvuta ndivyo alivyotaka kurudi nyuma, bila kujua kwa nini. Akaangalia vizuri. Bibi harusi alikuwa na ua kwenye nywele upande wa kulia, na ua lilelile upande wa kushoto. Mkunjo wa shela uliogusa bega hili uligusa na bega lile. Unywele mmoja ulikuwa umechomoka juu ya sikio la kulia, na juu ya sikio la kushoto umechomoka unywele kama huo, umejipinda vilevile.

"Nimekuletea kitu," Gatera alisema nyuma yake.

Lilikuwa gauni jeupe, jipya, mikono mirefu, kola ya lesi. Gauni la pichani. Claudette aliliweka kifuani. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, urefu ulifika pale pale unapotakiwa.

"Vipimo umevipata wapi?"

"Sikupima. Nilimpa fundi picha, nikamwambia ashone la huyu." Alitabasamu, macho yamejaa machozi, na Claudette alimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja. "Nataka tuoane kabla ya Noeli. Kesho saa tisa nenda studio ya mzee Silvère, kule chini. Nimeongea naye akupige picha. Nitaitoa hii, nitaweka yako. Nimemwambia akupige kwa upande wako mzuri."

"Na upande mwingine?"

Gatera alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Upande gani mwingine?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Usingizi wa Claudette haukuwa mzuri. Asubuhi Matante alilishika gauni, akalisifia mshono, akalipitisha kwenye shavu lake, akasema Mungu hajamsahau mtu. Saa tisa mchana aliteremka kwenda kwa mpiga picha, gauni likiwa kwenye mfuko, hajalivaa.

Mzee Silvère alikuwa mtu mdogo, mkavu, miwani yake imepasuka kioo kimoja. Studio yake ilinuka dawa za kusafishia picha. Claudette alipoingia, mzee alishika meza.

"Samahani, binti yangu," alisema. "Uliingia kwa upande. Nilidhani yule mwingine amerudi."

"Wa kwenye picha ya Gatera?"

"Sijui picha ya Gatera. Nazungumza juu ya Mugeni, mke wa mwalimu, aliyekuwa anakaa ile nyumba ya juu. Kaa."

Claudette alimweleza kuhusu picha ile, maua mawili, unywele mmoja huku na mmoja kule. Mzee alisikiliza huku anafuta miwani yake, na hakushangaa.

"Una picha yako yoyote?" aliuliza.

Kwenye mkoba wake alikuwa na picha ndogo aliyopigwa Bujumbura. Mzee aliilaza mezani, akatoa kioo kidogo kisicho na fremu, akakisimamisha ukingo wake katikati ya pua.

"Angalia. Huu ni upande wako wa kushoto, na kioo kinautia pacha wake."

Claudette aliinama. Alimwona mwanamke asiyemjua, macho madogo mawili, mdomo umeshuka pande zote, mzito, kama mtu aliyeketi msibani siku nyingi. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwingine tu.

"Na huu wa kulia," alisema mzee, akakigeuza kioo.

Na pale mezani, mdogo kama kidole gumba, alikuwa amekaa bibi harusi wa ukutani.

Claudette alirudisha kichwa nyuma ghafla, kiti kikapiga kelele.

"Usiogope. Kila mtu ana watu wawili usoni," mzee Silvère alisema. "Mimi nimepiga nyuso miaka thelathini. Uso ukilingana kiasi, jicho la mtazamaji linapumzika, linafurahi, linasema huyu mzuri. Lakini ukilingana kabisa kabisa, jicho linaanza kuhangaika. Linajua hapa hapana mtu. Uso mmoja tu uliolingana hivyo nimeuona maishani, na niliutengeneza mimi, kwa mkasi na gundi, kwenye meza hii."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Mugeni aliugua alipokuwa mtoto, upande wa kushoto ukabaki umelala, kuliko huu wako. Na alikuwa mzuri, nakuambia, watu walikuwa wanageuka njiani kumtazama tena. Nilimpiga siku ya harusi, picha nzuri. Kesho yake mume akaja peke yake. Akasema, mzee, nitolee ule upande. Nikachapa nusu ya kulia mara mbili, moja nimeigeuza, nikaunga, nikafuta mshono, nikaipiga upya. Akafurahi sana. Yule mwanamke wa kwenye ile fremu, binti yangu, hajapata kuzaliwa."

"Na Mugeni alikufa kweli?"

Mzee Silvère aliinua mabega. "Wanasema. Sikuona."

Hakupiga picha siku hiyo. Claudette hakutaka, na mzee hakumlazimisha. Gatera alimkuta amekaa kwenye ngazi za studio, mfuko wa gauni magotini. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Barabara nyekundu inatoa mvuke.

"Amekupiga?"

"Twende kwako," Claudette alisema. "Nataka kukueleza jambo, na nataka nikueleze mbele ya ile picha."

Walipanda. Gatera alipita nyuma yake, akaenda kulia.

Kwenye geti la nyumba alikuwa amesimama mwanamke. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kahawia kichwani, viatu vimejaa tope la safari, mkoba wa mkeka mkononi. Aliposikia hatua aligeuka, na Claudette akasimama pale pale alipokuwa.

Upande wa kushoto wa uso ule ulikuwa umelala kabisa, jicho limefumba nusu, shavu limelegea. Lakini upande wa kulia Claudette alikuwa ameuona jana ukutani, na leo kwenye kioo.

"Mwiriwe," mwanamke alisalimu.

"Mwiriwe, dada," Gatera aliitikia kwa adabu. "Unatafuta nani?"

"Nyumba hii."

"Nakaa mimi. Mwenyewe alikufa mwezi wa nne, yeye na mume wake. Ulikuwa ndugu yao?" Alimtazama usoni, macho kwa macho, kwa huruma ya kweli. "Pole sana."

"Wanasema hivyo," mwanamke alisema.

Claudette alimtazama Gatera. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mtu aliyeongea naye jioni baada ya jioni, miezi kadhaa, na usoni mwake hakuna kilichotikisika. Alikuwa anamhurumia mgeni.

"Mugeni," aliita.

Mwanamke aligeuka. "Tunajuana?"

"Hapana. Nakujua upande mmoja tu. Karibu ndani. Ni kwako."

Gatera alifungua geti kwa sababu mikono yake ilizoea kulifungua. Hakuwa anaelewa. Waliingia mmoja nyuma ya mwingine, na Mugeni akaenda moja kwa moja mbele ya picha, kama mtu anayejua njia gizani. Alisimama pale muda mrefu. Gatera aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena, na Claudette aliona midomo yake inapoteza rangi.

"Hapana," Gatera alinong'ona. "Siyo yeye."

"Ni kweli, siyo mimi," Mugeni alisema bila hasira. "Na yeye mume wangu alijua. Alikuwa ananitazama mimi, kisha anaitazama, kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani. Akitoka nilikuwa naigeuza, iangalie ukuta. Akirudi anaigeuza tena." Akamwelekea Gatera. "Nikuulize kitu kimoja tu, kaka, halafu niende. Uliikuta hapa hapa, ukutani?"

"Nyumba ilikuwa tupu..."

"Nimekuuliza picha."

"Haikuwa ukutani. Ilikuwa chini, karibu na mlango wa nyuma. Imefungwa kwenye koti."

"Koti gani?"

"La kijivu. La mwanamume."

Mugeni alitafuta mahali pa kukaa, akakikuta kile kiti, akakaa. Nje maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati. Alianza kuongea akitazama mlango wa nyuma.

"Tulijificha darini kwa jirani, siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akasema anarudi nyumbani mara moja. Nikamuuliza unafuata nini? Akasema, picha yako. Nikamwambia, mimi si niko hapa? Nimekushika mkono, mimi si niko hapa? Akanitazama. Akasema, nisubiri. Miezi saba nimekuwa kwa watawa, najiuliza kama wauaji walimkamata akienda au akirudi. Nikasema nitakuja kuangalia ukuta tu. Kama picha iko ukutani, hakufika. Kama haipo, labda yuko mahali, yuko nayo." Alipangusa jicho la kulia, la kushoto halikuwa na chozi. "Basi alifika. Aliifunga vizuri kwa koti lake isilowe, akawa yuko mlangoni anarudi kwangu. Au anarudi nayo. Hilo sitalijua."

Gatera alikuwa ameegemea ukuta, na polepole akateleza mpaka akachuchumaa, uso mikononi.

"Nitahama," alisema baadaye. "Kesho."

"Chukua wiki," Mugeni alimjibu. "Utalala wapi na mvua hii?" Aliinuka, akaitoa picha msumarini, akailaza mezani kifudifudi. "Unaitaka?"

Gatera alitazama ule mgongo wa mbao kwa muda mrefu kuliko alivyotakiwa. Kisha akatikisa kichwa.

Alitoka nje, na Claudette akamfuata mpaka getini. Alipogeuka alikuwa amezeeka.

"Claudette, sikujua."

"Najua hukujua."

"Mimi nakupenda wewe. Siyo yule."

"Umemtazama Mugeni machoni ukamwambia amekufa, Gatera. Pole pole, kwa huruma. Mimi niliona." Aliinua kiganja, akafunika upande wote wa kulia wa uso wake, ukabaki ule wa kushoto peke yake, jicho dogo na mdomo ulioshuka. "Niangalie. Huyu ni nani?"

Gatera aliangalia. Macho yake yalitaka kukimbilia pale kwenye kiganja, akayazuia, yakakimbia tena, akayazuia. Claudette aliona jinsi alivyojitahidi, na jitihada ile ilimuuma kuliko uongo wowote ambao angeweza kumwambia. Gari lilipita chini barabarani likapotea. Mwisho Gatera akainamisha kichwa.

"Sijui," alisema. "Simjui."

"Basi huyo ndiye angekuwa analala kando yako."

Alimrudishia mfuko wenye gauni. Gatera aliupokea, akasimama nao kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Nikijifunza?" aliuliza. "Nikija siku nyingine, mezani kwenu, nije kama mtu mpya tu, anayenunua uzi?"

Claudette aliwaza jinsi atakavyomweleza Matante, chumba kile kimoja cha Gitega, kelele zitakazokuwepo. Aliwaza miaka yake. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, jepesi, na alikuwa amelibeba tangu jana.

"Sijui kama nitakuuzia," alisema.

Gatera aliitikia kwa kichwa na kuanza kuteremka barabara ile tupu, mfuko umening'inia mkononi. Hakugeuka. Ndani Mugeni alikuwa anafungua madirisha, moja baada ya jingine, akiita kuuliza kama kuna mtu anayejua mkaa ulipo. Claudette alisema anakuja. Alilisukuma geti likajifunga, akashika komeo, na kwa kuwa alikuwa bado anampenda, ilimbidi atumie mikono yote miwili.